Kutoka Lyamungu hadi Njoro: Elimu ya Viumbe na Riziki ya Kilimanjaro

Upande wa chini wa mji wa Moshi, mahali ambapo mteremko wa Kilimanjaro unakaribia kulala tambarare, pana Njoro. Jina hilo ni la mtaa, tena ni la mto. Maji yake hutoka katika chemchemi: mvua inayonyesha juu katika msitu huzama ardhini, hupita chini ya migomba na mibuni ya Wachaga, kisha hutokeza tena na kwenda kunywesha mashamba ya mpunga. Atembeaye mlimani haioni njia ya maji hayo. Aonaye faida yake ni yule akingaye mtungi huku chini. Historia ya elimu ya viumbe katika nchi hii, yaani elimu ya mimea, wadudu na maradhi, imekwenda mwendo kama huo. Ilianza juu, katika mashamba ya kahawa; ikashuka mpaka katika majaruba ya mpunga na mbu wake; na mara nyingi njia iliyopita katikati haikuangaliwa na mtu.

Siku hizi njia hiyo yafaa kuangaliwa. Moshi ina chuo cha tiba kilichoanzishwa mwaka 1997 penye hospitali ya KCMC, ambayo yenyewe ilifunguliwa mwaka 1971. Ina Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichozaliwa kama chuo cha kawaida mwaka 1963 na kupewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2014. Jirani, katika Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia ilianza kufundisha mwaka 2011. Kwa hiyo yasikika matumaini kwamba vyuo hivi vitakuwa shina la viwanda vipya: vya miche, vya dawa, vya vipimo vya maradhi, na kwamba vijana waliohitimu wataunda kampuni changa za kuuza matunda ya utafiti wao. Hilo ni tumaini jema. Lakini je, ni jambo gani hasa liugeuzalo uvumbuzi kuwa kazi na kipato? Wengi hujibu upesi: maabara kubwa na mtaji mwingi. Kilimanjaro imekwisha kulijaribu jambo hili kwa miaka mia moja, na jibu lake ni jingine.

Kahawa ililetwa mlimani na mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokwisha kuipanda Bagamoyo kabla ya kuifikisha Kilema katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Wachaga walianza kuipanda kwa wingi katika vihamba vyao, chini ya kivuli cha migomba, wakitiwa moyo na Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Moshi. Walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Walihofu kukosa vibarua na kupata washindani. Lakini hoja waliyoitanguliza ilikuwa ya elimu ya viumbe. Walidai kwamba mkulima Mwafrika hataweza kutunza mibuni, na kwamba kihamba chake kitakuwa kiota cha wadudu na maradhi ya kuangamiza mashamba ya jirani. Hoja hiyo haikuwa maneno matupu ya barazani. Katika Kenya, Waafrika walizuiwa kupanda kahawa ya arabika mpaka miaka ya thelathini.

Wachaga waliijibu hoja hiyo kwa vitendo. Mwaka 1925 walianzisha Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi za KNPA, na rais wake wa kwanza akawa Joseph Merinyo. Katika kazi za kwanza za chama hicho ilikuwamo kununua mabomba na dawa za kunyunyizia mibuni, ili asipatikane wa kusema kwamba kahawa ya Mwafrika ni mgonjwa asiye na mganga. Basi yaweza kusemwa kwamba ushirika wa Kilimanjaro, kabla haujawa mfanyabiashara mkubwa, ulikuwa mtumiaji wa sayansi. Haki ya kulima ilisimama juu ya uwezo wa kuitibu mimea. Aliyekosa dawa angekosa na hoja.

Baadaye mambo mawili yalitukia kwa kufuatana, na kufuatana huko kulikuwa na maana. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 KNPA ikapisha Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, yaani KNCU. Mwaka 1934 serikali ilianzisha kituo cha utafiti wa kahawa huko Lyamungu, upande wa Machame. Chama cha wakulima na kituo cha wataalamu vikawa majirani, tena karibu marika. Kazi ya Lyamungu ilikuwa ya subira. Wataalamu walitafuta mibuni iliyozidi mingine kwa kuzaa na kwa ladha. Wakaipanda safu kwa safu. Wakahesabu na kupima mavuno ya kila mti mwaka baada ya mwaka. Wakatupa mingi na kubakiza michache. Katika michache hiyo zilitoka aina mbili zilizojulikana kwa majina makavu ya daftari, N39 na KP423. Ya pili ilikuwa ya ukoo wa Kent, ulioanzia India. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Lyamungu kilijazwa kwa punje zilizohesabiwa moja moja.

Lakini isidhaniwe kwamba siku hizo zilikuwa za mapatano matupu. Mwaka 1937 palitokea fujo mlimani, wakulima wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa yao yote kwa njia ya KNCU. Walijua thamani ya chama, na kwa sababu hiyo hiyo walitaka kiwe chao kweli, si mkono wa serikali. Ugomvi huo ni sehemu ya historia ya sayansi pia. Mkulima asiyekiamini chombo kinachomletea dawa hataiamini hata dawa yenyewe.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1964, ulipotambuliwa katika Tanzania Bara ugonjwa wa chulebuni. Ugonjwa huo ulionekana kwanza magharibi ya Kenya mwaka 1922. Ni ukungu unaoshambulia buni ingali mbichi: doa jeusi hutokea, hudidimia, na punje huoza au hukauka mtini kabla ya kuiva. Kutu ya majani, adui wa zamani, humvua mbuni majani yake. Ndiyo iliyoonekana Ceylon mwaka 1869 na kukiangamiza kilimo cha kahawa cha kisiwa kile, watu wakageukia chai. Lakini chulebuni haipiti kwenye majani. Huenda moja kwa moja kwenye mfuko wa mkulima. Aina za N39 na KP423, zilizochaguliwa kwa mavuno na ladha, hazikuwa na ngao ya kutosha dhidi ya adui huyu.

Njia mbili zilikuwa wazi. Ya kwanza ilikuwa dawa, hasa zile zenye shaba, kunyunyiziwa mara kwa mara katika majira ya mvua. Njia hiyo ilifaa, lakini ilitaka fedha kila mwaka, na mkulima wa kihamba hana fedha mpaka auze kahawa. Hapo ushirika ulifanya kazi ambayo maabara haiwezi: ulimkopesha mwanachama dawa kabla ya mavuno na kulikata deni katika malipo yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la chama cha msingi ndilo lililoifanya elimu ya ukungu ifike mpaka kwenye tawi la mbuni.

Njia ya pili ilikuwa kuzaa mbuni usioshikwa na ugonjwa. Dunia ilikuwa na hazina mbili za kuazima. Katika kisiwa cha Timor palionekana mbuni chotara uliojizalia wenyewe kati ya arabika na robusta, wenye kuhimili kutu. Katika nyanda za Boma, zilizo leo Sudan Kusini, ilipatikana arabika ya Rume Sudan, yenye kuhimili chulebuni. Wazalishaji wa Lyamungu walichanganya damu za miti hiyo na zile za aina zao nzuri. Mbuni huchukua kiasi cha miaka mitatu hata kuzaa. Kisha matunda yapimwe kwa misimu kadhaa. Kisha uzao ule uchanganywe tena. Mtaalamu aanzaye kazi hiyo akiwa kijana huenda akastaafu kabla ya kuuona mwisho wake.

Wakati kazi hiyo ikiendelea polepole kituoni, njia iliyokiunganisha kituo na kihamba ilikatwa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwa miongoni mwake, na kazi ya kahawa ikapewa mamlaka ya umma mwaka uliofuata. Mwaka 1982 sheria ilivirudisha vyama, na KNCU ikafufuka mwaka 1984. Lakini kilichorudi hakikuwa chenye nguvu za kile kilichoondolewa. Mwaka 1989 mapatano ya dunia yaliyogawa mafungu ya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Tangu msimu wa 1994 na 1995 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini. Mkulima akapata uhuru wa kuuza kwa amtakaye, na hilo lilikuwa jambo la kutamaniwa. Lakini mkopo wa dawa ulikuwa umesimama juu ya hakika moja, kwamba kahawa yote itapita mlango mmoja ambapo deni litakatwa. Milango ilipokuwa mingi, mkopeshaji akatoweka. Dawa zilipungua mashambani, mibuni ikazeeka, na ugonjwa ukapata raha.

Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Katika miaka hiyo mibovu elimu haikupotea. Ilikuwapo Lyamungu, katika safu za miti na katika madaftari. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini mbuni bora wa Lyamungu haukujiuza. Ulikaa umbali wa mwendo wa saa chache tu kutoka kwa mtu aliyeuhitaji, na hapakuwa na mkono wa kumpa. Anayedhani kwamba uvumbuzi ukiwa mzuri utajitafutia njia wenyewe na aitazame miaka ile.

Matengenezo yalianza mwaka 2001, pale Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilipoanza kazi makao yake yakiwa Lyamungu, ikiwa imeundwa ili wenye zao la kahawa, wakulima wakiwamo, wawe na sauti katika utafiti wao. Kuanzia mwaka 2005 aina chotara zenye kuhimili chulebuni na kutu zilitolewa rasmi kwa wakulima. Miaka arobaini na mmoja ilikuwa imepita tangu ugonjwa utambuliwe.

Lakini kutolewa rasmi si kufika shambani. Mbegu ya chotara ikipandwa haizai mti ulio sawa na mama yake. Watoto hutofautiana, na wengine hurudia udhaifu wa mababu. Basi njia mojawapo iliyo salama ni kikonyo. Hupandwa bustani mama, miti yake hulazwa ili itoe machipukizi mengi. Machipukizi hukatwa vipande vidogo, kila kimoja na jani lake. Vipande hupandwa penye kivuli na unyevu mpaka viote mizizi, kisha huhamishiwa katika vifuko vya udongo na kutunzwa kwa miezi. Kila mche hupita mikononi mwa mtu. Kituo kimoja hakiwezi kuzalisha miche ya kutosha nchi nzima, kwa hiyo kazi ilienezwa kwa vituo vidogo vya mikoa mingine kama Maruku, Ugano na Mbimba, na kwa vikundi vya wakulima, wanawake kwa wanaume, waliofundishwa kuwa na bustani mama zao na kuuza miche kwa majirani.

Kwa macho ya mgeni, kitalu chenye paa la nyasi hakifanani na kiwanda. Hakina bomba la moshi wala king'ora. Lakini ni kiwanda cha elimu ya viumbe katika maana yake halisi: kinachukua uvumbuzi uliogharimu miaka arobaini, kinauzidisha, kinauuza kwa bei ambayo jirani aweza kuilipa, na faida yake inabaki kijijini. Kampuni changa ya kwanza iliyozaliwa na utafiti wa Kilimanjaro huenda ilikuwa kikundi cha kina mama wenye visu vya kukatia vikonyo.

Hata hivyo mche bora hauwezi kuponya kila kitu. Vihamba vimegawanywa mara nyingi kati ya watoto na wajukuu mpaka vingine havitoshi hata kwa migomba. Bei ikiwa duni, kijana hung'oa mbuni na kupanda kitu kitakachomlipa baada ya miezi michache. Mche husema na ugonjwa. Hausemi na soko. Wenye kazi ya kusema na soko ni watu wengine, na wasipokuwapo kazi ya mtaalamu huwa ni deni lisilolipwa.

Maji ya mlimani yakishuka mpaka Njoro, yanakutana na mambo mengine ya namna hiyo hiyo. Katika miaka ya themanini, kwa msaada wa Japani, mito ya Njoro na Rau ilitegwa ili kunywesha mashamba ya mpunga katika bonde la chini ya Moshi, Mabogini na Chekereni. Mbegu ya IR54, iliyotoka katika taasisi ya utafiti wa mpunga ya Ufilipino, ilizaa vizuri mno. Ilizaa vizuri kiasi kwamba wakulima wa upande wa juu wa mito, ambao hawakuwamo katika mradi, nao waliitaka; wakafungua mifereji yao, na maji yaliyofika kwenye majaruba ya mradi yakapungua. Hapa elimu haikukwama kama ilivyokwama Lyamungu. Ilikimbia kuliko mapatano ya watu. Mbegu ilikuwa na mlezi, maji hayakuwa na mwamuzi aliyekubaliwa na wote.

Tena palikuwa na hofu ya maradhi. Jaruba la mpunga ni nyumba ya mbu, na ilidhaniwa kwamba vijiji vya mpunga vitaangamizwa na malaria. Watafiti waliopima jambo hilo katika bonde hili walitangaza mwaka 2002 matokeo ya kushangaza: mbu walikuwa wengi zaidi kwenye mpunga, lakini malaria ilikuwa ndogo kuliko katika kijiji cha kilimo cha kawaida. Katika sababu zilizotajwa ilikuwamo hii, kwamba wakulima wa mpunga walikuwa na kipato bora na walitumia vyandarua zaidi. Basi kwa mara nyingine mlima ulifundisha lile lile: afya ya mtu ilitegemea mdudu, lakini pia ilitegemea mfuko wake na kile alichoweza kununua.

Nchi hii ilikuwa na desturi ndefu ya kupima dawa za mbu. Kikosi cha utafiti wa viuadudu kilichoanzishwa Entebbe mwaka 1945 kilihamia Arusha baadaye, na mwaka 1962 kikaitwa Taasisi ya Utafiti wa Viuadudu vya Kitropiki. Kazi zake zilichukuliwa na mamlaka mpya ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Katika Moshi, watafiti wa chuo cha KCMC walijenga vibanda vya majaribio bondeni, humo vyandarua hupimwa kwa mbu wa kweli usiku wa kweli. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset, vyenye dawa ndani ya nyuzi zake, kwa ujuzi uliotolewa na kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Kilikuwa cha kwanza kuvitengeneza katika Afrika, na kiliajiri maelfu ya watu.

Kisha mbu wakajifunza kuhimili dawa. Vyandarua vya namna mpya vilipojaribiwa katika Muleba, na baadaye Misungwi, watafiti wa Moshi na wa Mwanza wakishirikiana na wenzao wa London, matokeo hayakubaki katika makabati ya chuo. Baada ya majaribio ya Muleba, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2017 vyandarua vyenye kiungo cha kuiongezea dawa nguvu. Na mwaka 2023 lilipendekeza vile vyenye dawa mbili, ushahidi wa Misungwi ukiwa miongoni mwa nguzo za uamuzi huo. Chuo hakikuvumbua chandarua. Kilikihukumu, na hukumu ya kuaminika ni bidhaa ambayo watengenezaji wa dunia nzima wanaihitaji na kuilipia.

Hapa inafaa kulinganisha. Mbuni chotara ulizaliwa Lyamungu, na mkulima ana sauti ndani yake. Lakini ulichelewa kwa sababu mpitishaji alivunjwa. Chandarua kilikwenda mbio kwa sababu mnunuzi alikuwapo, yaani mifuko ya kimataifa ya afya. Lakini ujuzi wake ni mali ya kampuni za mbali, na mnunuzi akifunga mkoba wake mashine za Arusha hutetemeka. Kimoja kina mwenyewe lakini kilikosa njia. Kingine kina njia lakini mwenyewe yuko ng'ambo. Kiwanda cha elimu ya viumbe kitakachosimama katika Kilimanjaro kitahitaji kuviunganisha viwili hivyo.

Kwa hiyo wale wanaopanga mustakabali wa vyuo vya Moshi na Arusha hawana haja ya kuanza kwa kuuliza ni maabara gani ijengwe. Waanze kwa kuuliza ni nani atakayezidisha uvumbuzi, ni nani atakayemkopesha mtumiaji, ni nani atakayeshika daftari, na faida itabaki wapi. Ni jambo la bahati kwamba katika mji huu huu, mbali na chuo cha tiba, kipo chuo kinachofundisha ushirika. Vyuo hivi viwili vikiishi kama wageni, kila kimoja na lango lake, historia ya mwaka 1976 itajirudia bila amri ya serikali. Vikikaa meza moja na mwenye kihamba, mtaalamu anayeanza leo kuchanganya damu za mimea atakuwa na sababu ya kutumaini kwamba kazi yake haitangoja miaka arobaini na mmoja kumfikia aliyekusudiwa.